Pigo la Ghafla: Historia ya Kiharusi cha Kuvuja Damu



Juma lililopita tulisoma habari za ndui. Tuliona jinsi mataifa yalivyoshirikiana mpaka mtu wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida akaonekana Merca, katika nchi ya Somalia, mwaka wa 1977. Leo twaingia katika habari za ugonjwa wa namna nyingine kabisa. Huu hauambukizi. Haukuletwa na meli wala na majeshi. Hujificha ndani ya mtu miaka mingi akilima, akicheka na kula vizuri, kisha siku moja humwangusha chini kwa dakika chache. Ugonjwa huo ni kiharusi, na hasa kile kiharusi kinachotokana na damu kuvuja ndani ya ubongo.

Mimi si daktari. Mimi ni afisa wa elimu, na kazi yangu ni kuwasimulia historia. Lakini historia ya leo si ya kupitisha jioni tu. Katika kila darasa linalosoma ukurasa huu yupo mtu ambaye baba yake, mama yake au jirani yake ameanguka kwa ugonjwa huu. Na pengine yupo mwingine anayeubeba sasa hivi naye hana habari. Basi mwalimu wa darasa asimamishe usomaji mwisho wa kila sehemu, ahakikishe kwamba wote wameelewa, ndipo aendelee.

1. Ugonjwa wenyewe

Ubongo wa mtu hulishwa na mishipa ya damu. Mishipa mikubwa hupanda kutoka shingoni, kisha hugawanyika kama mto unaogawanyika vijito, mpaka iwe myembamba sana. Mshipa mmoja ukipata taabu, sehemu ya ubongo inayolishwa na mshipa ule hukosa riziki yake. Taabu hiyo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kuziba: damu huganda ndani ya mshipa, isipite. Namna ya pili ni kupasuka: mshipa hutoboka, damu ikamwagika ndani ya ubongo au juu yake.

Tuiangalie hiyo ya pili. Fikirini mpira wa ndani wa baiskeli. Ukiujaza upepo kupita kiasi leo, labda hautapasuka leo. Lakini ukiujaza hivyo kila siku kwa miaka 10, utachoka, utalainika mahali fulani, na siku moja utapasuka ukiwa njiani. Mishipa midogo iliyo ndani sana ya ubongo huchoka vivyo hivyo kwa sababu ya shinikizo kubwa la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Mwaka wa 1868 madaktari wawili wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot na Charles Bouchard, walieleza jinsi walivyoona vivimbe vidogo katika mishipa ya namna hii ya watu waliokufa kwa kuvuja damu ubongoni.

Sasa, kichwa si kama tumbo. Tumbo hutanuka, lakini fuvu ni mfupa mgumu usiotanuka. Damu ikimwagika ndani yake haina pa kwenda, kwa hiyo huubana ubongo. Na aghalabu damu haimwagiki mara moja ikakoma. Kwa wagonjwa wengi huendelea kuongezeka katika saa za kwanza. Shikeni jambo hilo: saa za kwanza. Tutalirudia.

2. Wazee wa kale walivyodhani

Wayunani wa kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waliuita ugonjwa huu kwa neno ambalo maana yake ni kupigwa na kuangushwa chini. Waingereza nao huuita pigo. Mahali pengi watu waliuona kuwa ni pigo kutoka nje: la mungu, la nyota au la shetani. Hata katika miji yetu ya pwani na vijiji vya bara, wengi wamesema mgonjwa amekumbwa na pepo, au amepitiwa na upepo mbaya. Tusiwacheke. Mtu mzima anaanguka ghafla, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umekufa, na juu ya ngozi yake hakuna jeraha. Mtu asiyeweza kuona ndani ya fuvu atasema nini?

Aliyefungua mlango ni daktari wa Uswisi, jina lake Johann Jakob Wepfer, wa mji wa Schaffhausen. Yeye alipasua maiti za watu waliokufa kwa pigo hili, akatazama ndani ya vichwa vyao, akaona damu iliyomwagika. Mwaka wa 1658 alichapisha kitabu akaeleza aliyoyaona. Tangu hapo waliosoma walijua kwamba pigo halitoki nje. Ni mshipa uliopasuka ndani. Lakini kujua sababu ya kifo si kujua dawa. Baada ya Wepfer watu waliendelea kufa kwa ugonjwa huu zaidi ya miaka 200 bila mtu hata mmoja kuweza kuonywa mapema. Kwa nini? Kwa sababu presha haionekani kwa macho, wala haikuwa na kipimo cha kumfaa mtu aliye hai.

3. Mpira wa baiskeli na masikio ya Mrusi

Kipimo hicho kilipatikana katika mji wa Turin, nchi ya Italia, mwaka wa 1896. Daktari Scipione Riva-Rocci alitengeneza chombo kwa vitu vya kawaida kabisa: mpira wa ndani wa baiskeli, chupa ya wino, mrija na zebaki. Aliufunga mpira mkononi mwa mgonjwa, akaujaza upepo mpaka mapigo ya mkono yakapotea, kisha akasoma zebaki imepanda kiasi gani. Hivyo aliipata presha ya juu.

Miaka 9 baadaye, mwaka wa 1905, daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, akaongeza jambo dogo. Aliweka chombo cha kusikilizia, kile ambacho daktari huwekea kifuani, juu ya mshipa wa mkono chini ya mpira, akasikiliza sauti ya damu upepo ulipokuwa ukipunguzwa. Sauti inapoanza kusikika, hiyo ndiyo presha ya juu. Inapopotea, hiyo ndiyo presha ya chini. Ndiyo sababu hata leo mwuguzi hukuambia namba mbili, kwa mfano 120 kwa 80.

Ndugu zangu, tazameni jambo hili vizuri. Kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote katika habari za kiharusi hakikuhitaji umeme wala jengo kubwa. Kilihitaji mpira, zebaki na sikio lililofunzwa. Kwa hiyo kilikuwa ni kipimo ambacho hata dispensari ya kijijini ingeweza kuwa nacho.

4. Rais aliyekosa dawa

Sasa nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa na kila kitu ila dawa.

Franklin D. Roosevelt alikuwa Rais wa Marekani tangu mwaka wa 1933. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote duniani. Mwezi wa Machi 1944 alipimwa katika hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda na Dkt. Howard Bruenn, bingwa wa moyo. Presha yake ilikuwa 186 kwa 108, na moyo wake ulikuwa umeanza kushindwa. Bruenn alimpa dawa ya moyo, akamwambia apunguze chumvi, sigara na kazi. Zaidi ya hayo hakuwa na la kufanya, maana wakati huo hapakuwa na dawa nzuri ya kushusha presha. Presha iliendelea kupanda. Raia wa Marekani waliambiwa kwamba Rais wao ni mzima.

Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alikuwa Warm Springs, katika jimbo la Georgia, ameketi akichorwa picha. Ghafla alisema ana maumivu makali nyuma ya kichwa, akaanguka, akapoteza fahamu. Alipopimwa, presha ilikuwa imepita 300 kwa 190. Alikufa siku ile ile alasiri, umri wake miaka 63. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni. Vita vya Ulaya vilikwisha chini ya mwezi mmoja baadaye, naye hakuviona vikiisha.

Mtu wa namna hiyo alikuwa na daktari bingwa wa kumpima, na fedha za nchi nzima zilikuwa nyuma yake. Hata hivyo vidonge ambavyo leo mkulima aweza kupewa katika kituo cha afya, yeye hakuvipata, kwa kuwa havikuwapo. Kwa habari ya dawa ya presha, mkulima wa leo ni tajiri kuliko Roosevelt. Je, mkulima huyo anaujua utajiri wake? Hilo ndilo swali la somo hili.

5. Vidonge vyapatikana

Mwaka wa 1948 wataalamu walianza kuwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, mwaka baada ya mwaka, kuona ni nani atakayepata ugonjwa wa moyo na mishipa, na kwa sababu gani. Kazi ile ilionyesha wazi kwamba presha kubwa ni adui wa moyo na wa ubongo, hata kama mwenyewe hasikii maumivu.

Kisha, karibu na mwaka wa 1958, ilitoka dawa iitwayo klorothayazidi, kidonge kinachousaidia mwili kutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo na hivyo kushusha presha. Lakini madaktari wengi bado walikuwa na shaka. Je, kushusha presha kwaokoa maisha kweli? Dkt. Edward Freis na wenzake walijibu swali hilo katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Waliwagawa wanaume 143 wenye presha kubwa mno mafungu mawili. Fungu moja lilipewa dawa, la pili vidonge visivyo na dawa ndani. Majibu yalitolewa mwaka wa 1967. Katika fungu lisilo na dawa watu 27 walipatwa na madhara makubwa, na wengine wao walikufa. Katika fungu la dawa walikuwa 2 tu.

Tangu mwaka ule hakuna tena wa kusema kwamba kiharusi hakizuiliki. Wahenga wetu walikwisha kutuambia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Presha ndiyo ufa, na kiharusi ndio ukuta ulioanguka.

6. Hadithi ya kwamba Mwafrika hana presha

Sasa turudi nyumbani, Afrika ya Mashariki.

Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii katika Kenya, aliandika katika jarida la madaktari la London. Alisema kwamba kwa miaka miwili alilaza wagonjwa wapatao 1,800, wala hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Pia aliwapima wanaume 1,000 wazima, akaona presha zao hazipandi uzeeni kama za Wazungu. Habari hizo zilienea, na wengi wakazichukua kana kwamba ni sheria ya damu: Mwafrika hana presha.

Pengine vipimo vya Donnison kwa watu wale, mahali pale, wakati ule, vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kuyafanya mambo ya mahali pamoja kuwa ya watu wote na ya siku zote. Mwaka wa 1944 Dkt. A. W. Williams wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika katika jarida la udaktari la Afrika ya Mashariki habari za wagonjwa wa moyo wa Uganda ambao ugonjwa wao ulitokana na presha kubwa. Kumbe presha ilikuwapo.

Jibu zuri zaidi lilikuja mwaka wa 1990. Wataalamu, Mkenya Mugambi akiwa miongoni mwao, waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini Kenya ya magharibi wakaenda kuishi Nairobi. Watu walikuwa ni wale wale, na ukoo ni ule ule. Lakini baada ya muda mfupi mjini presha zao zilipanda kuliko za ndugu zao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi kuliko zamani. Basi jambo halikuwa rangi ya mtu, bali ni maisha yake: chumvi, chakula, uzito na taabu za mji.

Tanzania nayo ilipima. Katika miaka ya 2003 mpaka 2006 watafiti waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri wa watu, Hai walipatikana wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa kama 316. Hesabu ya Hai ilifanana na ile ya nchi tajiri. Ile ya Dar es Salaam ilizipita nyingi kati ya nchi hizo.

Na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2000, uliofanywa Ilala na katika kijiji kimoja cha Hai, ulionyesha kwa nini. Katika kila watu 100 waliokutwa na presha kubwa, hawakufika 20 waliojua kwamba wanayo. Waliokuwa wakipata dawa ni kama 10. Na ambao presha yao ilikuwa imeshuka vizuri, hakutimia hata mmoja katika 100. Chukueni kalamu mwandike namba hizo ubaoni: 100, 20, 10, na chini ya 1. Dawa ilikuwa imekwisha kuwapo duniani miaka 40.

7. Mashine ya kuona ndani ya fuvu

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kuzuia. Je, aliyekwisha kuanguka, akafikishwa hospitalini kwa machela au kwa bajaji, atafanyiwa nini?

Swali la kwanza la daktari ni hili: mshipa umeziba au umepasuka? Kwa macho hawezi kujua kwa hakika, maana dalili zafanana. Na jibu ni kubwa, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo yaweza kumfaa mwenye mshipa ulioziba, yaweza kumdhuru mwenye mshipa uliopasuka. Hata aspirini, kidonge kidogo cha dukani, si cha kumpa mtu aliyeanguka kabla ya kujua.

Mwaka wa 1956 Allan Cormack, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Johannesburg, aliombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Huko alianza kufikiri namna ya kuzipiga hesabu picha za eksirei zilizochukuliwa kutoka pande nyingi, ili kuona ndani ya mwili kipande kwa kipande. Aliandika hesabu hizo mwaka wa 1963 na 1964, lakini wachache walizitilia maanani. Huko Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield, wa kampuni ya EMI iliyojulikana zaidi kwa sahani za santuri, alitengeneza mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka wa 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mashine hiyo huitwa CT. Katika picha yake damu mbichi iliyomwagika huonekana nyeupe, na swali la daktari hujibiwa kwa dakika chache.

Lakini mashine ya CT ni ghali, yataka umeme usiokatika, fundi wa kuitengeneza na mtaalamu wa kuisoma. Hospitali nyingi za wilaya katika nchi maskini zimekaa miaka mingi bila mashine hiyo. Madaktari wa hospitali ya Siriraj, Bangkok, nchi ya Thailand, walijaribu kutafuta njia nyingine. Mwaka wa 1991 walitoa hesabu ya kubashiri kwa dalili: mgonjwa ana fahamu kiasi gani, ametapika, ameumwa kichwa, presha yake ya chini ni ngapi. Wazo lilikuwa jema. Hata hivyo hesabu hiyo ilipojaribiwa katika nchi nyingine ilikosea mara nyingi kiasi cha daktari kutoweza kuitegemea peke yake.

Na katika Afrika swali hili lina uzito zaidi. Utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria, uliotolewa mwaka wa 2018, ulikuwa na wagonjwa wa kiharusi 2,118. Kati yao 682, yaani karibu mmoja katika kila watatu, walikuwa wa kuvuja damu. Katika nchi tajiri wengi mno ni wa kuziba.

8. Hospitali isiyo na vingi yaweza kufanya nini?

Wako wanaosema: kama hakuna CT wala bingwa wa kupasua ubongo, basi tumlaze tu, tumngojee Mungu. Historia ya miaka ya karibuni yawajibu.

Kwanza, kupasua si dawa ya kila mtu. Mwaka wa 2005 ulitolewa utafiti uliofanywa katika nchi nyingi, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000 waliovuja damu ubongoni. Waliopasuliwa mapema, kwa jumla, hawakuwa na hali bora kuliko waliotunzwa bila kupasuliwa kwanza. Wako wanaohitaji kisu, hasa damu ikiwa imemwagika sehemu ya nyuma ya ubongo, nao wapelekwe upesi panapopasuliwa. Lakini walio wengi huhitaji matunzo mema.

Pili, matunzo hayo yamepimwa. Mwaka wa 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, wa Glasgow, Scotland, walitoa kipimo cha fahamu kisichotaka chombo chochote. Hutazama mambo matatu: mgonjwa anafungua macho? Anasema? Anatii akiambiwa ainue mkono? Namba huanzia 3 mpaka 15. Mwuguzi akiiandika kila saa, anaona mara moja kama mgonjwa anazama.

Mwaka wa 2011, katika jimbo la New South Wales, Australia, ilitolewa habari ya kazi iliyoongozwa na wauguzi katika hospitali 19. Wauguzi walishika mambo matatu tu: kupima na kushusha homa, kupima na kutuliza sukari ya damu, na kujaribu kwanza kama mgonjwa aweza kumeza kabla ya kumpa chakula, maji au dawa kwa mdomo. Mahali ambapo hayo hayakusimamiwa hivyo, wagonjwa 58 katika 100 walikuwa wamekufa au hawajiwezi baada ya siku 90. Yaliposimamiwa walikuwa 42. Thamomita, kipimo cha sukari na kijiko cha maji: huo ndio utajiri wenyewe.

Mwaka wa 2023 ulitoka utafiti mkubwa zaidi kwa wagonjwa wa kuvuja damu hasa. Ulikuwa na wagonjwa 7,036 katika nchi 10, na 9 kati ya hizo hazikuwa tajiri, Nigeria, India, Pakistan na Vietnam zikiwamo. Madaktari walifuata mambo manne kwa pamoja, tena upesi: presha ya juu ishushwe chini ya 140 ndani ya saa moja, sukari itulizwe, homa ishushwe, na aliyekuwa akitumia dawa ya kuzuia damu isigande apewe ya kuiondolea nguvu. Waliokufa walipungua, na waliopona bila ulemavu mkubwa waliongezeka. Je, mwakumbuka nilipowaambia mshike neno "saa za kwanza"? Sababu yake ndiyo hii.

9. Mlango wa dharura

Sasa, mambo haya hayafanyiki mgonjwa akiwa katika foleni. Yataka mahali na watu. Hospitali ya Muhimbili, ambayo chanzo chake ni hospitali ya Sewa Haji ya mwishoni mwa karne ya 19, ilifungua Idara ya Magonjwa ya Dharura mwezi wa Januari 2010. Ilikuwa ya kwanza iliyokamilika ya namna yake katika hospitali za serikali za Tanzania. Mwaka ule ule yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa kazi hiyo. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya huduma za msingi za dharura kwa wauguzi na matabibu wa mahali penye vifaa vichache. Na mwaka wa 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote kuimarisha huduma za dharura.

Lakini mlango wa dharura haumfai asiyefika. Basi nitataja yatupasayo sisi tusio madaktari, na ninyi myapeleke nyumbani.

Mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono ukalegea, au maneno yakamtatiza, au akaumwa kichwa kwa namna asiyopata kuumwa tangu azaliwe, msingoje asubuhi. Angalieni saa mwikumbuke, maana daktari ataiuliza. Mlazeni ubavu kama hana fahamu, ili matapishi yasimpalie. Msimpe chakula, wala chai, wala dawa ya kunywa, wala aspirini. Mpelekeni hospitalini mara moja. Mkitaka kumwombea, mwombeeni njiani. Chukueni na dawa zake zote alizokuwa akitumia.

Na ambaye hajaanguka, apimwe presha. Apunguze chumvi mezani na ale mboga za majani. Akipewa vidonge, asiviache anapojisikia vizuri, kwa kuwa kujisikia vizuri ndiyo hali ya mwenye presha karibu siku zote mpaka ile siku moja.

Ndugu wasikilizaji, tumetoka mbali. Wepfer aliona damu mwaka wa 1658, asiweze kumsaidia mtu. Riva-Rocci alipima mwaka wa 1896, asiwe na dawa ya kutoa. Bruenn aliijua hatari ya Rais wake mwaka wa 1944, akabaki kumwambia apunguze chumvi. Sisi tunacho kipimo, na vidonge vipo. Tusipovitumia tutarudi kule kule walikokuwa wao, nao walikuwa na udhuru.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma historia ya maji safi mijini. Kwa herini.

Maneno ya kukumbuka

Shinikizo la damu (presha): nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa.
Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo unaotokana na mshipa wa damu kuziba au kupasuka.
Fuvu: mfupa wa kichwa unaouzunguka ubongo.
Dharura: jambo lisiloweza kungoja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini damu inayomwagika ndani ya fuvu ni hatari kuliko ile inayomwagika mkononi?
2. Roosevelt alikosa kitu gani, na kitu hicho chapatikana wapi karibu na kwenu?
3. Donnison alipima nini mwaka wa 1929? Kosa lilikuwa katika vipimo vyake, au katika maana waliyopewa na watu?
4. Someni tena namba 100, 20, 10 na chini ya 1. Katika darasa hili, ni wangapi waliopimwa presha mwaka huu? Wasiopimwa waandike siku watakayokwenda kupimwa.
5. Jirani yako ameanguka usiku, na hospitali iko mbali. Semeni, hatua kwa hatua, mtakalofanya na mtakaloacha kufanya.